Mapambo ya harusi yanakoelekea: satini inashuka, ukili na maua halisi yanapanda

#1 Mpambaji_Temeke

Wakuu, salaam.

Nyuzi za harusi humu ni nyingi na karibu zote zinaishia kwenye michango, MC na chakula. Mapambo yanapewa mstari mmoja kwenye bajeti, "mpambaji yupo", kikao kinaendelea. Mimi kazi yangu ndiyo hiyo. Napamba hapa Dar, na mara kwa mara naitwa Bagamoyo, Morogoro na Unguja. Naweka hapa ninachokiona kinakuja, ili walio kwenye vikao sasa hivi wasilipie kitu ambacho kimeshaanza kupitwa.

Msimamo wangu niuseme mapema: mapambo ya miaka inayokuja yatatoka shambani na kwa mafundi wetu, siyo kwenye kontena. Na hela itahama kutoka darini na ukutani kuja mezani, pale mgeni anapokaa saa tano nzima.

Kwanza tuelewane satini ilitoka wapi. Kumbi nyingi tulizorithi zilikuwa kama maghala: bati juu, nguzo katikati, ukuta uliopigwa rangi nusu. Mpambaji kazi yake ya kwanza ilikuwa kuficha. Ndiyo maana tukavuta vitambaa dari zima, tukavisha nguzo, tukavisha viti vya plastiki kava na tai kubwa mgongoni. Haikuwa ushamba, ilikuwa dawa ya ukumbi ule. Sasa kumbi mpya zinajengwa na dari la jipsamu, taa za kwake na sakafu ya marumaru. Viti vya plastiki navyo vinatolewa, vinaingia viti vya Chiavari, vile vyembamba vyenye fito mgongoni. Mtindo wake ulianzia mji wa Chiavari, Italia, mwaka 1807, kwa fundi Giuseppe Gaetano Descalzi, na kiti hicho kimetengenezwa kionekane. Ukikivisha kava umelipa mara mbili: umekodi kiti kizuri, halafu umekodi kitambaa cha kukificha. Bado naona kamati zinafanya hivyo kwa mazoea tu.

Sasa kinachoingia.

Ukili (majani ya mkindu ya kusukia mikeka), milulu (nyasi ndefu za kusukia vikapu) na mianzi. Hiki ndicho kitu ninachokipenda kuliko vyote, mtanisamehe nikikaa hapa kidogo. Chukua fremu ya mbao ya mita tatu kwa mbili na nusu. Badala ya satini na maua ya plastiki, tandaza juu yake mikeka ya ukili ya Pemba iliyotiwa rangi, miwili au mitatu, ikutane kwa mshono ulionyooka. Juu yake panga vikapu vya Iringa, vile bapa na vyenye kina, vya milulu, vikubwa na vidogo vikipishana kama kundi lililosogea upande mmoja, siyo katikati. Kisha taa moja tu, iwekwe chini pembeni. Mwanga ukitoka pembeni unagonga kila msuko na kutupa kivuli chake, ukuta mzima unakuwa hai. Ukiupiga taa kutoka mbele, msuko unapotea na unabaki na kitu cha kahawia kisichoeleweka. Taa ileile, mahali tofauti, kazi tofauti kabisa.

Majirani wametutangulia. Uganda kwenye kwanjula, sherehe ya utambulisho ukweni, wanapamba kwa lubugo, nguo ya gome la mti ambayo utengenezaji wake ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Rwanda kwenye gusaba, sherehe ya posa, utakuta agaseke, vile vikapu vyenye kifuniko cha ncha, zimepangwa mezani na michoro ya imigongo imegeuzwa kuwa ukuta wa nyuma wa maharusi. Kenya kwenye ruracio, sherehe ya mahari, kuna viondo na vibuyu. Sisi tuna mikeka ya Pemba na ya Rufiji, vikapu vya Iringa na Singida, vyungu vya Wakisi kule Matema, batiki, kanga, halafu tunaagiza ukuta wa majani ya plastiki kutoka China. Inaniuma.

Maua halisi, machache, mahali pake. Waridi tunalo Arusha, na Naivasha kwa jirani zetu linalimwa kwa wingi wa kupeleka Ulaya. Linafika Dar kwa basi la usiku likiwa kwenye boksi. Tatizo ni kamati kutaka waridi kila meza, bajeti ikashindwa, tukarudi kwenye plastiki. Mwelekeo sasa ni kuyakusanya: mkono wa bibi harusi, meza yao, na lango. Meza za wageni zipate majani ya kwetu yenye afya, mmea wa chungu, au tawi moja refu kwenye chupa ya kioo. Kwa joto la Dar chagua yanayovumilia: anthurium, heliconia, krisanthemu. Hydrangea ni zuri pichani ila likikosa maji kidogo linalala kabla ya ndafu haijaingia.

Kitu kingine kinachoondoka ni ile sponji ya kijani ya kuchomekea maua. Ilibuniwa Marekani mwaka 1954, ikaturahisishia kazi sana, lakini ni plastiki inayosagika kuwa unga na haiozi. Uingereza, chama kikubwa cha bustani cha Royal Horticultural Society kiliipiga marufuku kwenye maonyesho yake kuanzia 2021. Mimi natumia wavu wa mabanda ya kuku, unaukunja kama mpira ndani ya chungu chenye maji, unachomeka maua humo. Unaosha, unarudia harusi ijayo.

Mwanga. Bluu na zambarau zinazoogesha ukumbi mzima zinaondoka, na ziende salama. Ngozi yetu chini ya taa ya bluu inaonekana kijivu, na video ikishatoka haiponi. Omba mwanga wa joto, wa Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 2,700 hadi 3,000, huo wa manjano hafifu. Zile balbu nyeupe za ofisini zinafika 6,000 na zaidi. Ukibakiwa na hela ya jambo moja tu kwenye mapambo yote, weka hapa.

Rangi. Fedha inayong'aa inapungua. Zinakuja za udongo: kahawia, kutu, mbegu ya komamanga, kijani cha jani kavu. Pantone, kampuni ya viwango vya rangi, waliitangaza Mocha Mousse, kahawia ya kakao na kahawa, kuwa rangi yao ya mwaka 2025, na wapambaji dunia nzima wakaifuata. Kwetu rangi hizo zinakaa vizuri kwa sababu ndizo rangi za ukili, chungu na mbao, hulazimishi kitu.

Steji na meza. Ile steji ndefu ya ngazi nne inashuka. Wengi wanataka jukwaa dogo la hatua moja, maharusi na wasimamizi wao tu, wazazi wakae mbele karibu nao. Wengine wanataka steji katikati ya ukumbi na wageni kuzunguka. Meza ndefu nazo zinaingia zikichanganywa na za duara.

Saa. Sherehe za alasiri zinaongezeka, Kigamboni, Bagamoyo, bustani za nje ya mji. Jua la saa kumi na moja hakuna taa inayolifikia, na kabla ya saa moja limeshazama mwaka mzima, kwa hiyo una kama saa moja na nusu ya picha nzuri. Ipangie ratiba, usiipoteze kwenye foleni ya magari.

Karibuni tujadili. Wenye vikao wekeni maswali.

#2 KiboshoKati

Dada hongera kwa uzi, umetulia. Naomba niongeze kutoka Kilimanjaro, na pia nitoe angalizo.

Wapambaji wa mjini wameanza kutumia masale kama majani ya kawaida. Nimehudhuria harusi, nikakuta yamechomekwa kwenye vyungu vya chooni. Kwetu isale siyo jani la kujazia. Ndilo linalopelekwa kuomba msamaha, ndilo linalowekwa mpaka wa shamba, ndilo linalopandwa makaburini. Mtu akikuletea isale umpokee. Kwenye harusi lina nafasi yake, na wazee ndio wanaojua linatoka mkono wa nani kwenda kwa nani.

Kama familia ni ya Uchagani na mnataka lionekane, ongeeni na wazee wa ukoo kwanza. Migomba tumieni tu, kuipanga langoni kuanzia barabarani hadi mlangoni ni kitu cha furaha tangu zamani na haina mwenyewe.

#3 Mpambaji_Temeke

Mkuu #2, ubarikiwe, na wapambaji wenzangu wasome hapo mara mbili. Ninapopata familia ya Moshi namwomba mshenga au baba mkubwa mmoja aje tuongee kabla sijagusa isale. Mara nyingi wanaamua liwepo moja tu, mezani kwa wazazi, na linakuwa na uzito kuliko ukuta mzima.

Migomba nakuunga mkono kabisa. Ikatwe asubuhi ya siku yenyewe, siyo jana yake, na iwekwe kwenye ndoo ya mchanga uliolowa. Majani yake yakichanwachanwa na upepo ndiyo uzuri wake, msiyabadilishe.

#4 BintiMvita

Dadangu wa Temeke, salaam kutoka Mombasa. Umesema maua lakini hukutaja asumini, na kwetu harusi bila asumini haijakamilika.

Nikueleze tunavyofanya ili walio bara wajue. Vikuba, vile vishada vya maua, hushonwa siku ileile. Vitumba vya asumini huchumwa alasiri vikiwa bado vimefumba, hushonwa kwa uzi na mrihani, waridi, mkadi, na kilua ukipatikana. Usiku ukiingia vile vitumba hufunguka vyenyewe vikiwa kifuani mwa mtu au nywelani. Ukichuma vilivyokwisha kufunguka umekosa, harufu imekwenda na petali zitageuka rangi kabla ya wageni kuketi. Kina mama wanaoshona huketi mkekani, sinia katikati, kila mmoja na sindano yake, na mkono hauna pupa maana kitumba kikibinywa huwa cheusi.

Ninachokiona sasa ni mabinti wanarudisha asumini, na wanaitoa kwenye nguo na kuipeleka kwenye mapambo yenyewe. Nimeona sherehe moja ya kupamba Mji wa Kale, pazia la nyuma ya bibi harusi lilikuwa nyuzi za asumini zimening'inizwa kutoka juu hadi chini, kanga za kisutu pembeni, basi. Hapakuwa na taa za kumetameta. Bi harusi kakaa na dhahabu zake na hina yake, chumba kizima kinanukia. Kwa vile kupamba ni shughuli ya wanawake watupu na simu huachwa mlangoni, hapana picha ya kukuonyesha. Ila kila aliyeingia alikwenda nayo moyoni.

#5 Mpambaji_Temeke

BintiMvita shoga yangu, umenifunga mdomo kwa heri. Hilo la nyuzi za asumini nimewahi kuliona Unguja kwa langilangi na asumini pamoja.

Wadau wa bara, zingatieni hapo jambo moja: harufu ni pambo. Ukumbi wa satini na maua ya plastiki haunukii kitu, au unanukia vumbi la stoo. Nadhani harufu ndiyo itakayofuata kukua kwenye kazi yetu. Mrihani kwenye chungu kidogo kila meza unanukia mgeni akiugusa tu kwa bahati mbaya, na bei yake ni ya mboga. Udi uwekwe langoni na kwenye kumbi zenye hewa, siyo karibu na meza ya chakula, na ulizeni kwanza kama kuna mwenye pumu kati ya maharusi na wazazi.

#6 Mzee_wa_Ukumbi

Nimesoma yote. Mimi nina ukumbi wa kukodisha, nimeona harusi za kila namna, na niseme ukweli wa wateja.

Mkeka kwa watu wengi wa mjini ni msiba. Turubai likifungwa na mikeka ikitandikwa, mtu anayepita anavua kofia. Sasa mzazi amechangisha mwaka mzima, ndugu wametoka Mwanza na Mbeya, anaingia ukumbini anakuta mikeka na vyungu. Atasema mpambaji kala hela. Watu wanataka kuona ukumbi umejaa, unang'aa, hela yao inaonekana. Hilo la udongo na ukili labda kwa vijana waliosoma nje.

#7 Mpambaji_Temeke

Mzee wangu shikamoo, na hoja yako ni nzito kuliko zote zilizopita, kwa hiyo naijibu kwa kirefu.

Ni kweli mkeka upo msibani. Lakini upo msibani kwa sababu upo kila mahali watu wanapokutana. Mwali anafundwa juu ya mkeka. Pwani, singo ya bibi harusi inafanyika juu ya mkeka. Mtoto anapopelekwa arobaini kuna mkeka. Tulichokifanya mjini ni kuuacha msibani peke yake, kila shughuli nyingine tukaipeleka kwenye satini.

Sasa kwa kazi, kuna mambo yanayotenganisha. La kwanza, mkeka wa harusi hautandikwi chini ukumbini, unasimama. Ukipanda ukutani au kwenye fremu, mtu haufikirii msiba, anauona kama kazi ya mkono. La pili ni rangi. Mkeka wa msibani mara nyingi ni mweupe usiotiwa rangi, au umechakaa. Mkeka wa Pemba wenye zambarau, kijani na nyekundu ya damu ya mzee hakuna anayeukosea. La tatu ni mwanga, na hapa ndipo wapambaji wengi wanaoiga wanapoharibu. Ukili ukiuweka kwenye ukumbi wenye balbu nyeupe za Kelvini 6,000, utaonekana kweli kama ukumbi wa kijiji uliokatiwa bajeti. Ukiuweka kwenye mwanga wa joto unapata rangi ya asali.

Hilo la "kujaa" nalo nakuelewa, Mzee. Mzazi ana haki ya kuona mchango wa watu umefanya kazi. Kwa hiyo sisemi tupunguze hadi pabaki patupu. Nasema kijae mahali ambapo jicho linatua. Mgeni anaingia mlangoni: hapo pajae. Anakaa mezani: hapo pajae, kitambaa kizuri kinachofika chini, sahani ya chini, glasi zilizooshwa, jani, mshumaa, jina lake likiwezekana. Anamtazama bibi harusi: hapo pajae. Dari hakuna anayelitazama baada ya dakika za mwanzo, na ndilo linalokula vitambaa, ngazi, vijana na usiku mzima wa kazi.

Na hela ya mzazi ikienda kwa mama anayesuka Pemba au Iringa, imebaki nchini. Hilo mimi linanigusa, sitaficha.

#8 Muscat_mpaka_Ilala

Wakuu, nichangie kutoka Oman, tupo wengi huku tunaoongea Kiswahili majumbani. Jukwaa la bibi harusi huku tunaliita kosha. Harusi kubwa ya wanawake kosha lake linajaa maua kuanzia sakafuni hadi juu, na kwa nyumba zenye uwezo ni maua halisi yanayoletwa kwa ndege.

Lakini na huku kuna mabadiliko. Milka (sherehe za kufunga ndoa) nyingi sasa zinafanyiwa nyumbani, sebuleni au uani, watu wachache, kosha dogo la kiti kimoja, maua pembeni, na pazia jepesi. Shangazi zangu waliotoka Unguja wanaagiza kanga za kisutu na vikapu kwa watu wanaosafiri, wanavitumia kupangia zawadi za bibi harusi, manukato, bukhuri na nguo. Kwa hiyo mafundi wa huko nyumbani wana soko hadi huku, ila wajitahidi kwenye usafi wa kazi. Kikapu kikifika na nyuzi zimechomoza kinawekwa chini ya meza.

#9 KatibuWaKamati

Dada Mpambaji, mimi ni katibu wa kamati, harusi yetu ni ya wageni 250, ukumbi una dari zuri tu. Kikao kilichopita mpambaji mmoja ametuletea makadirio yenye dari, nguzo, kava za viti, steji, zulia jekundu, maputo na fataki baridi mbili. Yamekula karibu nusu ya bajeti yote. Tukatae nini?

Na fataki nazo zina usalama? Bwana harusi anazitaka sana.

#10 Mpambaji_Temeke

Katibu, naanza na fataki kwa sababu hapo ni uhai.

Mwaka 2023, tarehe 26 Septemba, kule Hamdaniya, mkoa wa Nineveh, Iraq, fataki ziliwashwa ndani ya ukumbi wa harusi. Moto ukashika mapambo ya darini, na dari lenyewe lilikuwa la vifaa vinavyowaka upesi. Walikufa zaidi ya watu 100 kwa moto ule. Kila nikivuta kitambaa darini nawakumbuka.

Hizo zinazoitwa fataki baridi ni mashine inayorusha cheche za unga wa madini. Cheche ya juu kabisa inapoa haraka, ila pale inapotokea mdomoni mwa mashine ni moto kweli. Satini tunayotumia ni polista, ikishika inayeyuka na kudondosha matone yanayowaka. Na nisiwafiche, ukili na makuti makavu nayo yanashika vizuri tu. Kwa hiyo sheria yangu ni hii: pakiwa na kitambaa darini, cheche hazipo. Bwana harusi akizitaka, zifanyike nje, maharusi wanapotoka, mashine iwe mbali na gauni na shela, na mtu amesimama na kizimamoto mkononi. Ndani, mishumaa yote iwe kwenye glasi inayozidi urefu wa mwali wa moto. Na nenda mwenyewe ukaangalie milango ya dharura ya ukumbi. Mara nyingi mpambaji ndiye anayeifunika kwa pazia ili ukuta upendeze. Akifanya hivyo mwambie atoe palepale.

Sasa cha kukata kwenye makadirio yako. Dari toa, umesema ni zuri. Nguzo toa, labda ziwe mbovu kabisa, na hapo mzungushie mmea unaotambaa mpaka usawa wa macho tu. Kava toa kama viti ni vya Chiavari. Maputo toa, au yawe ya kona ya watoto. Zulia jekundu mtalikodi bila faida, wengi wanaridhika na njia iliyowekewa vyungu vya mimea pande mbili. Hii mimea msinunue. Wale wauza miche wa barabarani wanakodisha kwa siku mbili, unaweka dhamana, unarudisha ikiwa hai. Vijana wawili na kirikuu (gari dogo la mizigo) kimoja kazi imeisha.

Ulichookoa kigawe hivi: sehemu kubwa iende kwenye mwanga na jenereta yenye uhakika, inayofuata iende mezani, ya tatu kwa maharusi na lango. Meza ya duara ya futi 6 inakaa watu 10, kwa hiyo unahitaji meza 25 pamoja na mbili za akiba. Zidisha gharama ya meza moja kwa 27 kabla hujakubali chochote, kwa sababu kila mia tano inayoongezwa mezani inajizidisha mara 27.

#11 FundiTaa_Tabata

Niongeze kidogo kwenye mwanga. Kabla hamjakodi taa ulizeni ukumbi una umeme wa kiasi gani na kama jenereta inabeba AC pamoja na muziki. Kumbi nyingi umeme ukikatika jenereta inawasha muziki na taa za dari, taa za mapambo zinabaki gizani kwa sababu zimeunganishwa upande mwingine. Mwambieni fundi wa ukumbi awaonyeshe swichi ya kubadilishia, mjaribu siku moja kabla. Taa za LED za betri zipo, zinakaa saa kadhaa, zinafaa kwa meza kuu na lango.

Mpiga video naye aitwe siku ya majaribio. Akishaona rangi ya taa anaweka kamera yake sawa, siyo kuhangaika maharusi wanapoingia.

#12 NyumbaYaVikapu

Habari. Mimi nasambaza vikapu na mikeka, nimefurahi sana uzi huu. Ombi kwa wapambaji: agizeni mapema. Kikapu kikubwa cha milulu cha kusukwa vizuri kinamchukua mama siku kadhaa, na milulu yenyewe inakatwa, inakaushwa na kupakwa rangi kwanza. Mkipiga simu wiki mbili kabla mkitaka vikapu 60 vya aina moja, mtapata vya haraka haraka au mtaletewa mchanganyiko.

Na utunzaji. Ukili ukiwekwa stoo umelowa unapata kuvu, madoa meusi hayatoki. Baada ya sherehe anikeni juani, pigeni brashi kavu, hifadhini mkisimamisha mkeka umekunjwa kama bomba, msiukunje kama shuka.

#13 KatibuWaKamati

Nimepeleka hoja kikaoni, dari na maputo vimetoka, fataki zimehamishiwa nje. Mama wa bibi harusi amekubali mikeka ukutani baada ya kuonyeshwa sampuli ya Pemba. Swali moja limebaki: bibi harusi anataka steji katikati ya ukumbi, meneja anasema haiwezekani kwa sababu ya nguzo. Yupo sahihi?

#14 Mpambaji_Temeke

Hongereni sana, na mama wa bibi harusi mpe salamu zangu.

Kuhusu steji, usimkatae meneja wala usimkubali kabla ya kupima. Chukua futi kamba, simama pale mnapotaka steji, zunguka ukiangalia kila upande kwa usawa wa macho ya mtu aliyekaa, siyo aliyesimama. Kama kuna meza zaidi ya tatu ambazo nguzo inawaficha maharusi kabisa, meneja yupo sahihi. Kama ni moja au mbili, hizo meza zifanyeni za DJ, za wapiga picha na za keki.

Kumbukeni pia steji ya katikati haina mgongo. Ule ukuta wa mikeka hautakaa nyuma ya maharusi, utawaziba wageni wa upande mmoja. Uhamishieni langoni, iwe ndiyo sehemu ya kupigia picha wageni wakiingia, na maharusi juu yao mning'inize kitu chepesi kinachoonekana pande zote, mfano vikapu vichache vya ukubwa tofauti kwa kamba, visishuke chini ya mita mbili na nusu ili bwana harusi asigonge kichwa wakati wa kukata keki. Kamba zifungwe kwenye chuma cha paa, kamwe siyo kwenye jipsamu, na aliyezifunga arudi kuzivuta kwa mkono asubuhi ya siku yenyewe.

Nitumie vipimo ukishapima, nitakuchorea mpangilio wa meza niuweke hapahapa wengine nao waupate.